Mwaka Niliokaa Ukumbini Wattaya

Mwezi uliopita waliniita mtaa wa Wattaya nikatazame vitu kabla ukumbi haujabomolewa. Kiwanja kimechukuliwa na watu wa magari. Pande zote mbili tayari kuna maduka yao yenye vioo virefu, na ukumbi wetu ulikuwa umebaki katikati, mfupi, rangi imebabuka, mlango wake wa mbao umefungwa kwa mnyororo. Katibu wa chama siku hizi ni Muna, msichana wa kazi nzuri, anayesema Kiarabu na Kiingereza na Kiswahili ndani ya sentensi moja. Alinipa kiti, akanipa chai ya maziwa kwenye kikombe cha karatasi, akaniwekea mbele kasha la bati lililojaa madaftari. "Bibi, wewe ndiwe uliyebaki katika wale wa mwanzo," akaniambia. "Tunataka historia ya ukumbi. Ukurasa mmoja tu, tuusome siku ya kuagana. Mambo mazuri mazuri." Nikalitoa daftari la tatu. Mwandiko ulikuwa wangu, herufi za duara za msichana aliyefundishwa asizidi mstari. Nikafunua mpaka kwenye mkutano ninaoujua, nikasoma kifungu cha mwisho: "Mengineyo: hakuna." Nikalifunga. Muna akaniuliza, "Kheri, Bibi?" Nikamwambia macho yamechoka. Ukurasa wake nimeshampa, na mazuri yamo, na yote ni kweli. Ninayoyaandika hapa ni yale yasiyoingia kwenye ukurasa ule.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Sababu za kufika kwangu pale nitaziacha. Kila nyumba ya watu waliotoka Unguja wakaja nchi hii ya Waarabu ina sababu zake, na ukizisikia mbili umezisikia zote. Itoshe kusema kwamba shangazi yangu Rukia, dada wa baba, alikuwa mtunza ukumbi, na chumba cha nyuma alichopewa akae ndicho alichonikaribisha. Kilikuwa na vitanda viwili, kabati lisilofunga vizuri, na dirisha moja linalotazama jiko. Ukuta wa pili ulikuwa ukuta wa ukumbi wenyewe, na watu wakizungumza ndani kwa sauti ya kawaida, sisi tuliolala upande huu tulisikia kila neno. Mwaka ule Wattaya ilikuwa vilima vitupu na nyumba chache na barabara iendayo Matrah. Mchana joto lilishuka kutoka kwenye mawe kana kwamba mtu amefungua tanuri. Tuliweka kitambaa kilicholowa juu ya mtungi, tukala mkate wa kumimina uliobaki kwenye shughuli za watu, tukanywa chai nyeusi yenye mchaichai. Shangazi aliuotesha mwenyewe kwenye pipa la mafuta lililokatwa nusu, na ulikuwa ndio mmea pekee wa kijani katika mtaa mzima.

Chama kile kilikuwa cha wanawake. Wao ndio waliokianzisha, na wao ndio walioujenga ukumbi, chumba kimoja kirefu chenye dari la mbao na viyoyozi viwili vya dirishani vilivyonguruma kama lori. Walikuwa wamefika katika mji wa mababu zao wakakuta hawaujui. Kiarabu chao kilichekwa madukani, watoto wao walibandikwa majina ya dhihaka shuleni, na mtu akifiwa hakuwa na jirani wa kumwitia kwa lugha aliyolilia. Basi wakakubaliana kwamba asiugue mtu peke yake na asizikwe mtu bila watu. Walikuwa na sufuria zinazotosha kupikia kijiji, masinia, mikeka iliyokuja kwenye makasha kutoka Unguja, na kitanda cha kuoshea maiti kilichosimamishwa nyuma ya mlango wa stoo. Mwoshaji alikuwa shangazi yangu. Nimekaa kwenye ofisi za serikali miaka thelathini, nimeona mipango mingi ya ustawi wa jamii imechapwa kwenye karatasi nzuri, na bado sijaona kitu kilichofanya kazi kama wale akina mama. Nalisema hili mapema ili linalofuata lisije kuonekana ni chuki.

Mpishi wa shughuli zote alikuwa Bi Tatu. Tulimwita hivyo mimi na shangazi. Wengine walimwita Tatu tu, hata walio wadogo kwake. Alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, mjane, mwenye mtoto mmoja wa kiume aliyeitwa Idi, dereva wa lori la maji. Biriani yake watu waliisimulia mpaka mji wa Seeb. Mimi nakumbuka zaidi kile alichotupikia sisi watatu baada ya watu kuondoka: ukoko wa wali, alioukwangua chini ya sufuria akaumwagia tui la nazi na pilipili mbichi. Tulikula ukumbini, kwenye mkeka, viyoyozi vimezimwa, yeye amenyoosha miguu iliyovimba. Alikuwa hasemi sana. Akisema, alisema habari za Idi. Idi amenunua redio. Idi anataka kuoa lakini anasubiri apate nyumba ya vyumba viwili, mama yake asilale jikoni. Siku moja, wanachama wamekaa ndani wanapanga harusi, na mimi nimejilaza kitandani, nilisikia ukutani mmoja wao anasema, "Tatu ni mtu wetu." Mwingine akajibu, "Mtu wetu, lakini si mwenzetu." Wakacheka kidogo, wakaendelea na harusi. Sikuelewa wakati ule. Baadaye shangazi alinieleza, kwa maneno machache na bila kunitazama, kwamba huko Unguja Bi Tatu alilelewa katika nyumba ya wazazi wa mwenyekiti, na mama yake kabla yake, na bibi yake kabla ya mama yake, na kwamba bibi yule hakufika katika nyumba ile kwa hiari yake.

Mwenyekiti alikuwa Bi Nafisa. Ningependa awe mtu mbaya, kazi yangu ingekuwa nyepesi. Alikuwa mwalimu tangu Unguja, mwanamke wa sauti ya taratibu na vidole vyenye hina daima, na kila Jumanne alasiri aliwafundisha vikongwe kusoma Kiarabu ili wasidhulumiwe kwenye makaratasi. Shangazi alipougua homa ya matumbo ni yeye aliyemuuguza. Mimi nilimpenda. Alikuwa ameniona nasoma gazeti, akanipa daftari na kalamu ya wino, akasema, "Kuanzia leo wewe ndiye mwandishi wetu, Asya. Mikono yetu sisi imezoea mwiko." Nilijiona mtu.

Idi alikufa siku ya Jumatatu asubuhi, kwenye barabara ya kupanda mlima, lori liliposhindwa breki. Bi Tatu alikuwa jikoni kwetu anasugua masufuria ya harusi iliyopita. Wanaume wawili walisimama uani, wakamwita shangazi, na shangazi akaingia jikoni akamshika mikono yote miwili iliyojaa majivu na sabuni. Sikusikia alichomwambia. Nilisikia sufuria imeanguka. Wanaume walimzika Idi kabla ya alasiri, walijaa msikitini, na katika hilo hakukosa kitu. Iliyobaki ilikuwa shughuli ya wanawake, siku tatu za matanga, mahali pa kukaa na kusoma na kulia, na Bi Tatu alikuwa na chumba kimoja cha kupanga ambacho ukitandika mkeka mmoja kimejaa.

Kamati ilikuwa ikutane alasiri ile ile kwa mambo mengine. Nilikaa kwenye kiti changu karibu na mlango, daftari magotini. Mambo mengine yalipokwisha, shangazi akanyoosha mkono.

"Naomba tumfungulie Bi Tatu ukumbi siku tatu," akasema. "Nyie mnakijua chumba chake."

Kisha mmoja akasema, "Tatu si mwanachama."

"Si mwanachama kwa sababu hatujamwandika."

"Kanuni inataka mtu adhaminiwe na watu wa ukoo wake waliomo humu."

"Ukoo wake nani asiyeujua? Kalelewa kwao Nafisa."

Bi Nafisa aliweka gilasi yake chini. "Rukia, huko tusifike," akasema, bila hasira. "Mimi nampenda Tatu. Mchele ntampelekea, na pole nnakwenda kumpa mwenyewe. Lakini tukiivunja kanuni leo kwa huruma, kesho watakuja wengine, na hatutajua wa kumkubali wala wa kumkataa. Hata hivyo maombi ya ukumbi yanaletwa kwa maandishi, wiki moja kabla."

"Mauti nayo yaandikiwe wiki moja kabla?"

Viyoyozi vilinguruma. Niliwatazama wale akina mama mmoja mmoja, watu walionipaka mafuta nilipokuwa na homa, walioniletea nguo, na kila mmoja alikuwa ameona kitu cha kutazama kwenye mkeka. Bi Nafisa akanigeukia. "Asya, mwanangu, andika. Mengineyo, hakuna." Nikamtazama shangazi, naye alikuwa anatazama viganja vyake. Nikaandika. Maneno yale mawili yalichukua muda mfupi kuliko ninavyochukua sasa kuyasimulia. Na wino wa Bi Nafisa ulikuwa mzuri, haujafifia mpaka leo.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kutoa pole. Wanawake walikuwa wamesimama njiani, kwenye jua la mwezi wa sita, mabuibui yamewaganda mwilini, wanasubiri mmoja atoke ili mwingine aingie. Ndani Bi Tatu alikuwa amekaa baina ya wanawake wanne, magoti yamegusana, na kila aliyeingia aliinama juu ya vichwa vya wenzake kumfikia mkono. Mama mmoja mzee alizirai pale nje, wakamlaza kwenye kivuli cha gari. Nilirudi ukumbini. Shangazi alikuwa anasali adhuhuri. Nikauchukua ufunguo msumarini, nikafungua mlango wa mbele, mabawa yote mawili, nikatandika mikeka, nikawasha viyoyozi, nikatia ubani chetezoni. Kisha nikarudi kule njiani nikawaambia, "Ukumbi umefunguliwa." Sikusema nani kaufungua. Nimefikiria mara nyingi juu ya sentensi ile. Hata katika ujasiri wangu nilijificha nyuma ya neno.

Walikuja wote, wamemshika Bi Tatu kwa makwapa. Alipoingia alisimama kidogo mlangoni, maana hakuwahi kupita mlango ule wa mbele. Njia yake ilikuwa ya uani. Akaangalia huku na huku, akajifunga kanga kiunoni, akaelekea jikoni. Nadhani mwili wake ulikwenda wenyewe: ameona ukumbi umejaa watu, basi lazima kuna wa kupika. Shangazi, ambaye alikuwa ametoka chumbani na kuelewa kila kitu kwa kunitazama mara moja, alimkimbilia akamzuia.

"Leo hupiki," akamwambia. "Kaa."

"Watu watakula nini, Bi Rukia?"

"Kaa, Bi Tatu. Kaa pale juu."

Akamkalisha penye godoro, mahali pa mfiwa. Pale ndipo Bi Tatu alipolia kwa mara ya kwanza tangu jana yake, kwa sauti nzito iliyonifanya nikimbilie jikoni. Nikapika mimi. Nilikuwa sijapata kupika wali wa watu wengi. Chini uliungua, juu ulikuwa na kiini, na mchuzi ulikuwa maji. Waliula wote. Hakuna aliyelalamika, na mama mmoja mzee alileta sahani yake aongezewe, jambo ambalo sitalisahau kwa hisani yake.

Siku ya pili tangu ukumbi kufunguliwa, wanachama walianza kuja. Wa kwanza walipita mlango wa uani, kama waliokuja kuazima kitu, wakakaa nyuma. Kabla ya alasiri ukumbi ulikuwa umejaa na wasomaji wamegawana juzuu. Hapo ndipo Bi Nafisa alipofika. Alisimama mlangoni na buibui lake jeusi lililopigwa pasi, nyuma yake dereva amebeba gunia la mchele alioahidi. Alitazama ndani kwa muda mrefu, kisha akamwita shangazi ukumbi mzima unasikia.

"Nani kafungua?"

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwao, nimeshika birika la kahawa. Nilifungua mdomo. Shangazi akasema, "Mimi."

Nikaufunga mdomo. Nikaendelea kummiminia mtu kahawa mpaka ikamwagika mkononi mwake.

Bi Nafisa hakugombana. Aliingia, akampa Bi Tatu mkono wa pole, akaketi karibu na mlango, akasoma juzuu moja mpaka mwisho, akaondoka kabla ya chakula. Siku ya tatu khitma ilisomwa kwa amani. Siku ya nne kamati ikamwandikia shangazi barua, kwa mwandiko wa mtu mwingine, kwamba arudishe ufunguo na ahame chumba. Tulihamia Ruwi, kwenye chumba cha juu ya duka la vyuma. Mchaichai tuliuacha, pipa lilikuwa zito. Shangazi hakunilaumu wala hakunisifu. Usiku wa kwanza nilimuuliza kwa nini amesema ni yeye. "Ungekuwa wewe," akasema, "wangesema ni utoto." Kisha akaniambia nizime taa.

Nilipata kazi ya kupiga taipu, nikaanza kuzoea. Nilijenga chuki yangu taratibu, kila siku tofali moja, na nilitaka shangazi anisaidie kuijenga, hakutaka. Miezi mitano baadaye, asubuhi ya Ijumaa, gari la Bi Nafisa likasimama chini. Dereva alipanda ngazi anahema. Mama yake Bi Nafisa amefariki Qurum, na hakuna mtu wa kumwosha. Shangazi alikuwa anakunywa chai. Akaiacha, akachukua mkoba wake wa kafuri na vitambaa, akaniambia, "Vaa." Nikamwambia siendi, na yeye pia asiende. "Wamekufukuza kwa barua, shangazi. Waoshe wenyewe." Alikuwa anavaa viatu. "Yule marehemu hakuninyang'anya ufunguo," akasema. "Na mimi miguu inaniuma, nahitaji mtu wa kunishikia maji."

Nikaenda. Ilikuwa nyumba kubwa, chumba cha juu chenye mapazia ya hariri, na juu ya kitanda kile kile cha ukumbini, kilicholetwa kwa gari, mwili mdogo wa kikongwe mwenye nywele chache. Ilikuwa maiti yangu ya kwanza. Nilimimina maji ya mkunazi pale shangazi aliponielekeza, yeye akiosha upande wa kulia na kisha wa kushoto, akimsemesha marehemu kwa upole kama anayemwogesha mtoto. Bi Nafisa alikuwa pamoja nasi, akimshika mama yake shingo. Tulipomaliza kumvika sanda, shangazi akatoka kutawadha, tukabaki wawili. Sijui nguvu niliitoa wapi. Nikamwambia, "Bi Nafisa, ule mlango nilifungua mimi."

"Nnajua," akasema. "Rukia tangu utoto hajui kusema uongo. Alikuwa ananitazama miguuni." Alinyoosha ukingo wa sanda uliokuwa umenyooka tayari. "Kila siku tangu siku ile nimekuwa nikijiambia kwamba kanuni ni kanuni. Leo nimemtuma dereva kwenu, na nimekaa dirishani nikiomba msifuate kanuni." Kisha akaanza kulia, na mimi, niliyekuwa na matofali yangu yote tayari, nikajikuta nimemshika bega.

Siku kumi baadaye aliniita mkutanoni na kalamu. Kifungu cha ukoo kilifutwa. Hakuna aliyesimulia kwa nini, na aliyepinga hakupinga kwa sauti. Niliandika kwamba mwanachama ni yeyote anayekubaliana na chama, na jina la kwanza kuandikwa chini ya kanuni mpya lilikuwa la Bi Tatu, kwa pendekezo la mwenyekiti. Shangazi alirudishiwa ufunguo, akaupokea, akarudi chumbani kwake. Watu kama Muna, na binti zao watakaokuwa kwenye sherehe ya kuagana, baadhi yao majina ya koo zao hayajulikani na mtu, wameingia kwa sababu ya mstari ule. Hilo nimeliandika kwenye ukurasa wake.

Jioni ile nilitoka mkutanoni nikaenda mbio kwa Bi Tatu. Hakuwa amerudi kupika ukumbini tangu msiba, ingawa walimwita. Nilimkuta chumbani kwake, amekaa mkekani anachambua mchele. Nikamweleza yote kwa pumzi moja, nimesimama, viatu bado miguuni: kanuni imefutwa, jina lake limeandikwa, Bi Nafisa mwenyewe ndiye aliyelitaja. Nilidhani nimempelekea kitu kikubwa. Vidole vyake havikusimama.

"Nimesikia," akasema. "Kawaambie nashukuru."

"Hutakuja, Bi Tatu? Ukumbi sasa ni wako pia."

Akaweka ungo chini. Alinitazama kwa upole, kama mtu anayesikitika kumwambia mwenzake jambo ambalo alipaswa kulijua mwenyewe.

"Mwanangu alikuwa mmoja, Asya," akasema. "Ule ukumbi sasa nautakia nani?"

Nikavua viatu, nikakaa mkekani mbele yake, akausogeza ungo katikati yetu, tukachambua mchele mpaka ukaisha.